Kadi za zamani za besiboli: anza na wachezaji wasio na jina

Anayeanza kukusanya kadi za zamani za besiboli, yaani kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa mchezo huo wa Kimarekani, karibu kila mara hukimbilia majina makubwa: Mickey Mantle, Willie Mays, Hank Aaron. Hapo ndipo pesa zinapopotea, maana hajawahi kushika kadi halali ya mwaka ule na hana cha kuilinganisha nayo. Fanya kinyume chake. Nunua kwanza kadi 10 za wachezaji wa kawaida wa seti ileile (kadi zote za toleo moja la kampuni moja), zile za dola moja au mbili, uzikague mpaka macho na vidole vizizoee. Kisha umwendee Mantle. Kadi za bei ndogo ndizo rula yako na ndizo shahidi wako, na karibu kila hatua iliyo hapa chini inazitegemea.

"Za zamani" hapa maana yake ni za kabla ya 1980. Mwaka 1981 kampuni za Fleer na Donruss ziliingia sokoni kushindana na kampuni ya Topps, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 kadi zilikuwa zikichapwa kwa wingi kupita kiasi. Ukiletewa boksi zima la kadi za 1988 au 1990 na kuambiwa ni hazina, liache hapohapo.

## Umri na vipimo

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, kadi zilikuwa zawadi ndani ya pakiti za sigara, baadaye za chingamu. Seti mashuhuri ya sigara ni T206, iliyotolewa kati ya 1909 na 1911 na kampuni ya American Tobacco. Kadi zake ni ndogo, takriban milimita 36.5 kwa 66.7, na mgongoni zina tangazo la sigara, mara nyingi Piedmont au Sweet Caporal. Seti ya Goudey ya 1933 ni ya chingamu: nene, inakaribia mraba, milimita 60 kwa 73, na nyota Babe Ruth yumo mara nne (kadi namba 53, 144, 149 na 181).

Baada ya vita kampuni ya Bowman ilianza 1948. Topps ilitoa seti yake kubwa ya kwanza 1952, na mwaka 1956 ikainunua Bowman. Vipimo viwili vya Topps vikariri kabisa. Kutoka 1952 hadi 1956 kadi ni milimita 66.7 kwa 95.3. Kuanzia 1957 ni milimita 63.5 kwa 88.9, na kipimo hicho kinatumika hadi leo. Mwaka 1975 Topps ilijaribu pia toleo dogo la seti yake, kwa hiyo kadi ndogo ya 1975 usiitupe ukidhani imekatwa.

Jambo la tatu ni namba za juu. Mpaka 1973 Topps haikutoa seti nzima kwa mkupuo. Ilitoa kwa mafungu, fungu la kwanza majira ya kuchipua na la mwisho msimu ukielekea ukingoni. Kufikia hapo watoto walikuwa wameshahamia mpira wa Kimarekani na maduka yakiagiza kidogo, hivyo kadi za mwisho zilibaki chache. Mchezaji asiyejulikana kabisa wa namba 590 ya mwaka 1967 anaweza kukugharimu kuliko nyota wa namba 60 wa mwaka uohuo. Mfano mkubwa ni Topps ya 1952, yenye kadi 407, ambayo fungu lake la mwisho huanzia namba 311, na 311 ndiyo ya Mantle. Mabaki ya fungu hilo, kwa maelezo ya Sy Berger wa Topps mwenyewe, yalipakiwa kwenye tishari mwaka 1960 na kumwagwa baharini.

## Seti ya kuanzia

Topps ya 1973 inamfaa anayeanza. Ina kadi 660, pambizo nyeupe zinazoonyesha kasoro waziwazi, na nyingi ni za bei ya chini. Mays yumo kwa mara ya mwisho akiwa mchezaji (305). Roberto Clemente (50) pia, ingawa alikuwa ameshafariki tarehe 31 Desemba 1972, ndege ilipoanguka akipeleka misaada ya tetemeko la ardhi Nicaragua. Gharama kubwa ni moja tu: namba 615, ambapo Mike Schmidt anatokea kwa mara ya kwanza pamoja na wachezaji wengine wawili. Namba 529 hadi 660 ni ngumu kidogo kupatikana, basi ukizikuta kwa bei nzuri chukua mapema.

Ukitaka uzuri zaidi na mfuko unaruhusu, chagua 1956. Kadi 340, za kulala, sura ya mchezaji ikiwa mbele ya picha ndogo ya tukio uwanjani. Jackie Robinson ni 30, Aaron 31, Clemente 33, Mantle 135. Namba 1 hadi 180 zina migongo ya aina mbili, ya kijivu na nyeupe. Amua mapema kama utachanganya au utafuata aina moja, la sivyo utanunua kadi zilezile mara mbili.

1971 usianze nayo. Pambizo zake ni nyeusi, zinamenyeka kwa kuguswa tu, na wadanganyifu huzipaka wino kwa kalamu. Ile ya 1962 yenye pambizo mfano wa mbao ina shida hiyohiyo ya pembe kuchubuka. Zote mbili ni seti nzuri mno, ila ni za jicho lililokwisha kufundishwa.

## Vifaa

Kioo cha kukuzia cha mara 10, chenye taa yake. Rula ya chuma yenye milimita. Taa ya mezani unayoweza kuinamisha. Taa ya kukagulia noti bandia, ile ya urujuani wanayokuwa nayo madukani. Mifuko laini ya plastiki 100, maganda magumu ya plastiki 25, na kurasa za mifuko 9 pamoja na faili lenye pete za umbo la D. Kwa kadi za 1952 hadi 1956 nunua kurasa za mifuko 8, kwa sababu kwenye mifuko ya kawaida kadi hizo hazitoshi, na ukizilazimisha pembe zinapinda siku hiyohiyo.

Glavu za pamba hazihitajiki. Uzi wake hunasa pembe iliyochubuka na kuichana zaidi. Nawa mikono, ikaushe vizuri, shika kadi kwa kingo.

## Kadi 10 za kwanza

Agiza kutoka kwa wauzaji wasiopungua watatu, zote za seti moja, zikiwa na hali tofauti: mbili nzuri sana, tano za wastani, tatu zilizochoka. Zile zilizochoka ni za muhimu, kwani ndizo zitakazokuonyesha mkunjo halisi, alama ya mpira wa kufungia pesa (vibonyeo viwili kwenye kingo za kushoto na kulia), doa la nta, vumbi la chingamu mgongoni, na tundu la pini.

Zipange mezani na upime kila moja. Utaona tofauti za sehemu ya milimita kati yake, kwa sababu mashine za kukatia hazikuwa sahihi kila mara. Andika ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote. Hicho ndicho kiwango chako, na kinasema kweli kuliko namba ya kitabuni.

Kisha weka moja chini ya kioo cha kukuzia. Picha itageuka kuwa vitone vya rangi nne: buluu, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi, vimepangwa kwa mistari kama shanga. Sasa sogeza kioo kwenye jina la mchezaji. Herufi nyeusi za kadi halali za Topps za miaka hiyo ni wino mzito usio na vitone, ukingo wake umenyooka. Kaa hapo dakika kadhaa, ukitoka kwenye shavu la mchezaji kwenda kwenye herufi na kurudi. Ukishaiona tofauti hiyo mara kumi, nakala bandia itakupigia kelele yenyewe.

## Kukagua kadi ya bei kubwa

Fuata mpangilio huu kila mara, hata muuzaji akiwa na haraka. Akikukataza kuitoa kadi kwenye ganda ili uikague, mshukuru uondoke.

1. Pima urefu na upana sehemu tatu: juu, katikati, chini. Upungufu unaopita ile ndogo kuliko zote kati ya kadi zako 10 unaashiria kukatwa. Upana ukitofautiana juu na chini, mkasi au kisu kimepita.

2. Ilaze juu ya kadi yako ya kawaida, pembe kwa pembe, kisha tazama ubavuni. Ukingo wa miaka 50 una rangi ya uzee na nyuzinyuzi laini. Ukingo uliokatwa juzi ni mweupe, mkali, wakati mwingine una mawimbi madogo, na pembe zake hutoka nje kama ndoano. Pembe kali sana kwenye kadi yenye uso uliochakaa ni mambo mawili yasiyopatana.

3. Inamisha kadi chini ya taa ya mezani mpaka mwanga uteleze juu yake. Igeuze polepole, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Mkunjo mwepesi usioonekana ukiitazama moja kwa moja utatokea kama uzi. Sehemu iliyofutwa penseli itapoteza mng'ao, na mara nyingi mfereji wa maandishi utabaki. Picha za mtandaoni hazionyeshi haya, na ndiyo sababu kadi nyingi "nzuri sana" hufika zikiwa na mikunjo.

4. Kioo cha kukuzia: uso, halafu herufi. Herufi zikiwa za vitone, kadi imechapwa kutokana na picha ya kadi nyingine.

5. Zima taa, washa ile ya noti. Karatasi za kisasa huwekewa kemikali ya kung'arisha na huwaka buluu-nyeupe. Kadi ya kabla ya vita haitakiwi kuwaka hivyo hata kidogo. Kwa za miaka ya 1950 na kuendelea usihukumu kwa taa peke yake. Iweke pembeni ya kadi yako ya kawaida, na zikiwaka tofauti tafuta sababu. Taa hiyohiyo hufichua rangi iliyopakwa, maana wino mpya huonekana kama kiraka.

6. Kwa pambizo za rangi kama za 1971, angalia unene wa kadi ubavuni. Wino mweusi ukiwa umelowa mpaka ndani ya karatasi, kadi imepakwa.

7. Mwisho, inyanyue mbele ya balbu pamoja na kadi ya kawaida. Mwanga upite kwa kiasi kinacholingana.

Kuna nakala ambazo hazikutengenezwa kwa nia mbaya lakini huuzwa kwa nia mbaya. Topps wenyewe walichapa upya seti ya 1952 mwaka 1983, wakaifanya kadi 402 na kwa kipimo cha kisasa cha 63.5 kwa 88.9. Rula pekee inakutosha hapo. Nakala za T206 ni nyingi mno, na zile zilizoandikwa mgongoni kuwa ni nakala hukwanguliwa. Mgongo wenye sehemu iliyochubuka vizuri mno mahali pamoja, na kwingineko hauna tatizo, urudishe kwa mwenyewe.

Kukata kingo kunauma zaidi kwa sababu kadi yenyewe ni halali. T206 ya Honus Wagner iliyokuwa kadi ya kwanza kupangiwa daraja na PSA, kampuni inayokagua kadi, mwaka 1991, ikapewa 8 kati ya 10, ilikuja kufahamika kuwa imekatwa: mnadishaji aliyeimiliki miaka ya 1980 alikiri hivyo mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2013. Kama wataalamu walipitwa na hiyo, dakika tano za rula si nyingi.

## Kununua

Bei ya kweli ni ile iliyokwisha kulipwa, siyo inayoombwa. Kwenye eBay chuja uone bidhaa zilizouzwa, chukua mauzo matano ya mwisho ya kadi hiyo katika hali hiyo, ondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, kisha tafuta wastani wa tatu zilizobaki. Andika namba hiyo kabla hujaweka dau, na usiivuke.

Kwa aliye Marekani, maonyesho ya kadi ndiyo shule bora. Makubwa kuliko yote ni National Sports Collectors Convention, yaliyoanza 1980, lakini maonyesho madogo ya ukumbi wa kanisa au hoteli yanafaa zaidi kwa anayeanza. Nenda na orodha ya namba unazokosa. Tafuta maboksi ya kadi za kawaida chini ya meza, chagua 20 au 30 kwa mpigo, halafu uombe bei ya jumla. Muuzaji hapunguzi sana kwa kadi moja, ila rundo lina nafasi ya mazungumzo. Saa mbili za mwisho za siku ya mwisho, wengi hawataki kubeba mzigo kurudi nao.

Ukinunua kwa masafa, omba picha za mbele na nyuma zikiwa nje ya plastiki, na moja iliyopigwa kwa kuinamisha kadi chini ya mwanga. Mwambie muuzaji afungashe hivi: mfuko laini, ganda gumu, vipande viwili vya kadibodi vilivyozidi ganda kwa sentimita moja kila upande, bahasha yenye mapovu. Mdomo wa ganda uzibwe kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Tepu ya kawaida inayong'aa huacha gundi, na kadi inapotolewa hugusa gundi hiyo. Kadi nyingi zimeharibika sekunde ya mwisho, mikononi mwa mnunuzi mwenyewe.

## Kuhifadhi

Mfuko laini kwanza, ganda gumu baadaye. Kadi tupu ndani ya ganda gumu husugua uso wake kila inaposogezwa. Plastiki iwe polipropilini au polyesta. Kurasa za zamani zenye harufu kali ya plastiki ni PVC, hutoa mafuta yanayonata juu ya wino, kwa hiyo ukinunua albamu ya mtu hamisha kadi siku hiyohiyo. Pete za duara huminya kadi za ukurasa wa kwanza na wa mwisho na kuziachia alama, ndiyo maana ya kutaka pete za D. Faili lisimame wima, lisilazwe.

Unyevu wa hewa uwe asilimia 40 hadi 50. Kwa aliyerudi na kadi zake Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ambako mara nyingi hupita 70, rafu ya sebuleni haifai kabisa: kadi hupinda kama kigae, kisha ukungu huanzia mgongoni. Tumia boksi la plastiki lenye mpira wa kuziba, kipimo kidogo cha unyevu ndani yake, na pakiti za silika zinazobadili rangi. Zikibadilika, zikaushe kwa joto dogo kama maelekezo yake yanavyosema. Jua lisizifikie, hata la dirishani, kwa sababu nyekundu na manjano hupauka kabla ya buluu na mchezaji hubaki na uso wa maiti.

Weka daftari au jedwali: mwaka, namba, jina, hali, bei, tarehe, ulikonunua. Piga picha mbele na nyuma.

## Daraja na makasha

PSA, SGC na Beckett hukagua kadi, huipa namba kutoka 1 hadi 10 na kuifungia kwenye kasha la plastiki. Kadi iliyokatwa au kupakwa haipewi namba: huandikwa kuwa ni halali lakini imebadilishwa. Usipeleke kadi ya dola 15. Peleka ile ambayo tofauti ya bei kati ya iliyofungwa na isiyofungwa inapita ada, posta na bima kwa mbali, au ile unayoogopa kuwa bandia.

Kabla ya kupeleka, pima picha ilivyokaa katikati. Tuseme pambizo ya kushoto ni milimita 2.1 na ya kulia 3.9. Jumla ni 6.0, gawanya 3.9 kwa 6.0 upate 65 kwa 35. Kwa PSA hapo ndipo mwisho wa daraja 8 kwa upande wa mbele, hata pembe zikiwa kama wembe. Wengi hutazama pembe tu na kushangaa matokeo.

Ukinunua iliyokwisha kufungwa, ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya kampuni husika na ulinganishe picha kama ipo. Kagua mshono wa kasha. Ukiwa umepauka, umepasuka au una gundi, huenda limefunguliwa na kadi kubadilishwa.

## Kadi iliyogandishwa kwenye albamu

Kadi nyingi za kabla ya vita zilibandikwa kwenye madaftari kwa gundi ya unga. Usizivute. Tabaka la mgongo litabaki kwenye ukurasa, na hasara hiyo haina dawa. Kata ukurasa kuizunguka kadi, uache pambizo ya sentimita moja, kisha uizamishe kwenye sahani ya maji safi yaliyotokana na mvuke uliopozwa, ya joto la chumbani, bila sabuni wala kemikali. Fanya hivi kwa kadi zisizo na mng'ao na zisizo na maandishi ya kalamu, maana wino wa kalamu hukimbia. Jaribu kwanza na kadi ya bei ndogo ya seti ileile.

Subiri. Nyingine huachia baada ya dakika 20, nyingine baada ya saa kadhaa. Badilisha maji yakigeuka manjano. Kadi iliyolowa ni laini kama mkate uliochovywa chaini, basi iache iachane na karatasi yenyewe. Gundi iliyobaki mgongoni iondoe kwa ncha ya kidole ndani ya maji, usiikwangue. Ipokee kwa kiganja kizima, iweke kati ya karatasi mbili nyeupe za kunyonya maji, badilisha karatasi hizo baada ya nusu saa, halafu weka vitabu vizito juu yake kwa siku tano. Kama bado inapinda, irudishe chini ya vitabu siku mbili zaidi kabla ya kuitia plastiki, kwa sababu unyevu ukifungiwa ndani ukungu utaimaliza.